Mkaguzi wa Weupe

Kwenye kiwanda kile cha kufulia shuka za hospitali, kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, kwa sababu ya ukali wake. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: kuinua shuka dirishani na kuhukumu. Alijua weupe wa kutakata na weupe wa kitambaa kilicholiwa na dawa ya kung'arisha, ambacho kesho kitachanika mikononi mwa nesi. Hakuna aliyembishia.

Jumatatu moja mdogo wake, mjamzito wa miezi saba, aliyekuwa akipiga pasi meza ya pili, akayumba na kushika ukuta. Shangazi akamvuta hadi dirishani, akamshusha kope la chini kwa kidole gumba. Ndani hapakuwa na wekundu hata chembe. Ulimi umepauka, viganja vimepauka.

"Joto tu, dada."

"Joto gani! Huna damu wewe. Tangu lini?"

"Kizunguzungu? Wiki ya tatu. Niliomba ruhusa niende kliniki, nikaambiwa nisubiri mzigo upungue."

Mzigo upungue! Mzigo wa hospitali umepungua lini? Shangazi alivuka chumba kama moto wa makuti, mpaka kwenye meza ya msimamizi.

"Wiki tatu unamzuia mtu asiye na damu! Unataka aanguke na mtoto tumboni ndiyo uamini?"

Msimamizi hata kalamu hakuiweka chini. "Shangazi, punguza jazba. Mgonjwa gani yule? Mwangalie alivyong'aa, mimba imempendeza."

Mkono ukapanda wenyewe. Angemzaba kofi, kazi ife palepale, liwalo na liwe. Lakini mdogo wake alikuwa amemfuata, akaudaka ule mkono kwa vidole baridi.

"Muache, dada. Hata wewe uliniambia hivyohivyo. Mwanzo wa mwezi, mbele ya wenzangu wote. Ndiyo maana nikaona labda siumwi kitu."

Mashine zilikuwa zikinguruma. Shangazi alitafuta wa kumkasirikia, akajikuta aliyebaki ni yeye mwenyewe.

"Vua aproni," alisema. "Twende."

"Na hizi shuka atakagua nani?" msimamizi akafoka.

Shangazi alishageuka. Alimshika mdogo wake kiunoni, wakashuka ngazi polepole, wakipumzika kila baada ya hatua tatu.