Nilikuwa Lamu Nikila Halwa, Mama Akinitafuta Mochari

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usije ukamwaga huruma yako bure. Si la shetani, si la marafiki wabaya, si la pombe, maana hata sinywi. Ni langu mimi, mwanaume mzima mwenye ndevu, fundi wa mashine katika kiwanda cha blanketi huko Industrial Area, Nairobi. Jina sitakupa. Hapa Maringo ninapoishi wananijua tayari, na hao wananitosha.

Mke wangu nitamwita Rosa. Si jina lake.

Tulikuwa tumeoana miaka saba na hatukuwa na mtoto. Sisi ni watu wa magharibi, na kwetu Desemba haina mjadala. Kiwanda kikifunga, unabeba mke, unabeba sukari na mikate, unapanda basi unaenda ushago, kijijini. Kila Desemba Rosa alikuwa anaketi jikoni kwa mama yangu, mashangazi wanamwangalia tumbo. Hawamwulizi kitu. Wanaangalia tu, halafu mmoja anasema, "Umenona kidogo, ama ni macho yangu?" Woi! Siku hiyo Rosa hali chakula.

Mwaka huo wa saba akaniambia, "Desemba hii mimi sitaki kwenda kuangaliwa."

Nikamjibu, "Basi twende baharini, tukaangalie sisi."

Hayo maneno yalitoka kinywani mwangu, si kinywani mwake. Tafadhali yashike, nitayarudia.

Nilikuwa sijachukua likizo mwaka uliotangulia, kwa hivyo nilikuwa na zaidi ya wiki tatu mkononi. Nikanunua atlasi kuukuu ya shule ya msingi kwa muuza vitabu vya mtumba, na daftari lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila Jumapili tukitoka kanisani tunafunga mlango, Rosa anachemsha chai, tunafungua daftari. Kila mji ulikuwa na ukurasa wake. Voi siku moja, kuona kama ndovu anaonekana kutoka stesheni. Mombasa siku sita: Ngome ya Yesu, soko la viungo, feri ya Likoni kwenda na kurudi hata kama hatuna shughuli ng'ambo. Kilifi siku mbili. Malindi siku nne, na magofu ya Gede tukiwa njiani. Lamu siku tano, mji wa punda. Halafu kurudi polepole, tukipitia pale palipotupendeza zaidi. Dar es Salaam nayo ilikuwa na ukurasa, lakini karatasi za mpakani zilitushinda, Rosa akaupiga mstari na kuandika pembeni: "Baadaye."

Mimi niliandika saa za gari moshi na za mabasi. Yeye aliandika maswali. "Chumvi ya bahari inatoka kwa nguo?" "Lamu ukiugua unabebwa na punda?" "Mawimbi yanalala saa ngapi?" Hilo la mwisho nilimcheka mpaka akanipiga na atlasi. Jumamosi moja tukaenda soko la Kariokor, tukanunua akala, viatu vya matairi, jozi mbili za kutembelea mchangani. Alizijaribisha humu ndani, akizunguka meza, akisema, "Hapa ni Malindi. Hapa ni Lamu. Ondoa miguu yako, umekanyaga Kilifi."

Haki ya nani, Jumapili zile ndizo nzuri kuliko siku zote nilizowahi kuishi, na safari yenyewe ilikuwa bado.

Tatizo lilikuwa moja. Nitamwambia nini mama?

Mama ni mjane na mimi ndiye mwanawe wa pekee wa kiume. Ningemwambia nini? Kwamba nakwenda kutembea ufukweni kama mtalii na yeye anakaa mlangoni akitazama njia? Sikuthubutu. Nikamwandikia barua kupitia shule ya msingi ya pale nyumbani, mwalimu amsomee: "Mama, mwaka huu nimenyimwa likizo. Kiwanda kina kazi nyingi. Krismasi nitakuwa kwenye mashine. Usihuzunike."

Rosa aliiona hiyo barua kabla sijaifunga. Akasema, "Mwambie ukweli. Mama atanuna wiki moja, kisha itaisha." Nikamwambia hamjui mama. Nikalamba bahasha.

Sasa kuna Maringo. Nyumba zetu zimeshikana, ukikohoa jirani anakuambia pole. Na kila ploti ina mtu wa kwetu. Ningesema nakwenda Pwani, Jumamosi hiyo hiyo habari ingepanda basi na kufika ushago kabla barua yangu haijapigwa muhuri. Kwa hivyo mtaani nikasema kinyume: "Tunaenda nyumbani kwa mama, kama kawaida." Jirani yetu Mama Shiku, mwanamke wa Murang'a anayepika chapati pale kona, alitusindikiza na begi moja kichwani. "Msalimieni mama sana," akasema.

Unaona nilichofanya? Nyumbani wanajua niko Nairobi. Nairobi wanajua niko nyumbani. Nilijiona mjanja kweli! Kwenye gari moshi nilimweleza Rosa jinsi nilivyoziba kila upande. Hakucheka. Alisema tu, "Na mtu akiugua watatuita wapi?"

Nikamwambia asituharibie safari.

Na safari, siwezi kudanganya tena, ilikuwa tamu. Rosa alipoiona bahari mara ya kwanza alisimama akanishika mkono wa shati, akasema, "Kumbe haina ng'ambo." Akaingia na leso mpya yote. Jioni akaandika kwenye daftari: chumvi haitoki, inabaki nyeupe. Tulipanda feri ya Likoni mara nne bila sababu. Krismasi ilitukuta Lamu. Nakumbuka nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya watu, nakula halwa kwa mkono, punda wanapita, nikasema kwa sauti, "Mtu akiniuliza Krismasi niliyofurahi, ni hii."

Saa hiyo hiyo mama yangu alikuwa mochari.

Ndiyo. Mama ambaye hajawahi kukanyaga Nairobi maishani mwake, mama anayeogopa hata taa za barabarani. Alisomewa ile barua yangu akalia. Akasema, "Mtoto wangu atakula Krismasi na mashine? Basi nitamfuata mimi." Akafunga kuku miguu, akabeba unga wa wimbi, akashuka kantri bas, stesheni ya mabasi ya mbali, akiwa na jina la mtaa limeandikwa kwenye karatasi. Watu wakamwelekeza mpaka mlangoni kwangu. Akakuta kufuli.

Mama Shiku akamwambia, "Lakini mama, si walikuja kwako? Ni karibu wiki mbili sasa! Mimi mwenyewe niliwasindikiza."

Mama Shiku aliniambia baadaye kwamba mama yangu hakupiga kelele. Aliweka kuku chini, akaketi pale bombani, akasema, "Kwangu hawakufika."

Na wewe unajua barabara ya kwetu Desemba. Kulikuwa na ajali, kama kila mwaka. Majirani wakavunja kufuli, wakachukua picha yetu ya harusi. Mama Shiku akafunga biashara ya chapati msimu ule ambao watu wananunua zaidi, akamshika mama mkono, wakaanza. Kiwandani walikuta kumefungwa kwa sikukuu. Hospitali hii, hospitali ile. Wodi za wanaume, wodi za wanawake. Halafu mochari, vyumba vya maiti. Mama alifunuliwa watoto wa watu wengine mmoja mmoja, siku baada ya siku, akitafuta uso wangu. Nyumbani mjomba alikuwa anaulizia kwenye kila kituo cha polisi njiani.

Sisi tulirudi siku mbili baada ya Mwaka Mpya, saa nane mchana. Mimi nina kofia ya ukindu, Rosa ana kikapu cha halwa na leso ya mama, zawadi. Tumevaa akala zetu. Tukakata kona tukiwa tunaimba, nakwambia tunaimba!

Mabenchi yalikuwa mlangoni kwangu. Watu wamekaa kimya. Haikuwa matanga kamili maana hakukuwa na maiti, lakini kulikuwa na sufuria kubwa ya chai, na picha yetu ya harusi juu ya stuli. Mama alikuwa kwenye mkeka. Alikuwa amekonda katika hizo siku kumi na moja hata sikumtambua mara moja.

Mtu akaangusha kikombe. Mama akainuka, akaja, akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa macho, pua, masikio. Kisha akaiona kofia.

"Mmetoka wapi?"

Nikasema, "Mombasa, mama."

"Kufanya nini?"

Nikavua kofia. Watu karibu thelathini wananiangalia, watu waliokosa Krismasi kwa ajili yangu. Mama Shiku ameweka mkono mdomoni. Mama akauliza tena, polepole, "Ilikuwa fikira ya nani?"

Na mimi, mwanaume mwenye ndevu, nikanyoosha kidole. "Ni huyu. Ndiye aliyetaka kuona bahari."

Mungu wangu!

Ploti nzima ikamgeukia Rosa. Mama akamwangalia kuanzia akala mpaka kichwani, akamwambia, "Mjukuu hukuniletea. Sasa ukataka na mtoto wangu unichukulie."

Rosa alinigeukia mimi. Aliniangalia, akangoja. Alikuwa ananipa nafasi, nilijua ananipa nafasi, na maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi: mama, barua niliandika mimi, fikira ilikuwa yangu, huyu alinikataza kudanganya. Nikaangalia kikapu cha halwa.

Akaweka kikapu chini, akapiga magoti mbele ya mama yangu, akasema, "Nisamehe, mama. Ni mimi."

Siku mbili alimpikia mama, akamchemshia maji ya kuoga, akamkanda miguu iliyovimba kwa kutembea hospitali. Mama hakumsemesha. Siku ya tatu tulimsindikiza mama mpaka kwenye basi. Tuliporudi nyumbani Rosa alitoa sanduku chini ya kitanda. Nilidhani amekasirikia yale maneno ya mama, nikaanza kumtetea mama.

Akanikatiza. "Mama yako amefunua maiti za watu kumi na kitu. Akinitukana ana haki yake. Wewe nilikungoja uongee."

Akaondoka na akala miguuni. Daftari akaliacha mezani.

Ilinichukua miezi minane kumwambia mama ukweli. Miezi minane! Nilikwenda ushago Agosti, tukiwa tunapukuchua mahindi, nikasema yote. Mikono yake ikasimama. Akasema, "Kwa hivyo nilimtukana mtoto wa watu bure." Aliendelea kupukuchua, na jioni akanipakulia chakula kama mgeni, kwenye sahani ya kufunikwa.

Rosa nilimtafuta kwao. Baba yake alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniambia yuko Mombasa, anashona katika duka la cherehani. Nikamwandikia barua nne. Hakuna jibu.

Halafu siku moja Mama Shiku akaniletea bahasha yenye muhuri wa Mombasa. Nikaifungua pale pale kona, mbele ya chapati. Ndani mna picha, zile za wapiga picha wa ufukweni. Wanawake wawili wamesimama majini, wamekunja nguo mpaka magotini, wameshikana mikono. Mmoja ni Rosa. Mwingine amefunga kitambaa kichwani, ameuma meno kwa hofu ya mawimbi, anacheka. Ni mama yangu! Nyuma Rosa ameandika: "Alikuja kuniomba msamaha. Ameuliza mawimbi yanalala saa ngapi."

Nililia pale barabarani, watu wananunua chapati.

Desemba nilikwenda nyumbani peke yangu. Nikamwuliza mama, "Ulipitaje Nairobi bila kuniambia?"

"Nilishuka kantri bas, nikangoja basi la Mombasa kwa muda wa saa tatu."

"Mama! Kutoka hapo hadi kwangu ni kutembea tu. Ungekuja hata unywe maji."

Akanipapasa uso, macho, pua, masikio. Siku hizi kila nikifika ananipapasa hivyo kwanza. "Mlango ule nilishaulilia, mwanangu," akasema. "Siwezi kuuona tena." Kisha akaniambia alimwomba Rosa arudi. Rosa akamjibu kwamba nyumbani kwa mama yeye atafika wakati wowote akiitwa, lakini kwangu hapana.

Kwa hivyo mimi niko hapa. Jumapili nikitoka kanisani nafunga mlango kwa mazoea, nachemsha chai, inabaki. Nafungua daftari ukurasa wa Dar es Salaam. Pale pembeni pameandikwa "Baadaye" kwa mwandiko wake. Majirani wananisalimia vizuri, niaje, niaje, lakini nikisema nakwenda mahali hakuna anayenisindikiza tena.

Wewe unayesoma, labda unapanga safari yako, panga. Nenda na mkeo, kaoneni bahari, pandeni feri hata mara kumi. Waage watu wako ukiwaambia unakokwenda kweli, wakinuna wanune. Na kama umeshakosa, na siku imefika unaulizwa mbele ya watu ilikuwa fikira ya nani, na ilikuwa yako, jibu. Usiangalie chini. Mwenzako amesimama hapo kando yako, anangoja.