Usaha Usioota Kitu

Majina ya wanawake wote tuliokuwa nao wodi ile ya Korogwe ninayo kichwani, ila hapa sitayaandika. Kila mtu na siri ya mwili wake.

Mwanangu wa pili alitolewa kizazi kwa sababu ya saratani. Upasuaji ulikwenda vizuri, tukarudi Handeni tunashukuru. Haikupita muda mshono ukaanza kuvuja usaha, tumbo likawa gumu, homa ikampanda hadi akawa anamwita marehemu baba yake. Tukamkimbiza Korogwe. Wakamtundikia dripu ya dawa, ikashindwa, wakatundika nyingine. Homa inashuka asubuhi, jioni imerudi.

Daktari, binti mdogo kuliko mjukuu wangu wa kwanza, alipeleka usaha maabara wajue ni kijidudu gani. Majibu yakarudi kwamba hakuna kilichoota. Nikamwuliza, usaha wote huu halafu hakuna kitu? Akanieleza kuwa usaha hupandwa kwenye kisahani kama mbegu, vijidudu vikiota ndipo wanavitambua. Kisha akamwuliza mwanangu kama kuna dawa alitumia nyumbani.

Mwanangu akatazama ukutani. Mama wa kitanda cha jirani akamwambia, "Sema, dada. Hapa nani hajapaka?"

Ndipo akafungua pindo la khanga, akatoa vidonge vya rangi mbili. Kwetu kidonda dawa yake ni hiyo: unakifungua kidonge, unga unaunyunyiza juu, kingine unameza. Alikuwa anafanya hivyo tangu mshono ulipoanza kulowa, hata pale wodini, chini ya shuka. Daktari hakumgombeza. Alisema dawa ile imevilemaza vijidudu visiote kisahanini, lakini vilivyojificha ndani bado vinamla.

"Bibi, Dar iko mashine inayosoma vinasaba vya kijidudu hata kikiwa kimekufa. Napeleka usaha huko. Tuombe majibu yamkute."

Yamkute. Neno hilo lilinikata maini.

Tukangoja. Mwanangu akaacha kula. Waliokuja kumwona wakawa wanasimama mlangoni kwa ile harufu, wanatoa pole kutokea huko huko. Akaniambia, "Mama, nirudishe Handeni nikafie kwangu. Umechoka." Nikamjibu sijachoka, na nilikuwa nimechoka. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikaomba mpaka maneno yakaniishia, nikabaki Mungu, Mungu, basi.

Daktari alikuja na majibu anakaribia kukimbia. Vijidudu vilikuwa vya aina mbili, na kimoja ni cha vile vinavyoishi ndani ndani kusikofika hewa. Dawa tuliyokuwa tunampa ilikuwa haikigusi hata kidogo. Aliyataja majina yao, marefu, nikamwomba ayarudie mpaka nikayashika. Nilitaka kumjua anayemla mwanangu.

Wakamkamua usaha uliobaki ndani, wakabadilisha dripu. Jioni homa haikurudi. Sikumwambia mtu. Nilimwekea mkono kwenye paji la uso, nikauacha hapo hapo, naogopa kuuondoa.