Nusu Lita ya Fundi Hamisi

Pale Rwezamenyo, mtaa wa Kigali, kama ulitaka kununua mafuta ya taa bila kuibiwa, uliuliza kwanza: duka hili linapimia kopo la nani? Ukiambiwa la Hamisi Nsengiyumva, ulitoa chupa yako bila wasiwasi. Hamisi alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari, ndoo na makopo ya kupimia, na kopo lake la lita tano lilibeba lita tano na nusu. Mtaa mzima ulijua. Baba yake, aliyemrithisha nyundo na koleo, alimwambia kwamba mpunjaji atafufuliwa na kopo lake likimning'inia shingoni, na Hamisi akaona heri azidishe. Ile nusu aliiita fungu la Mungu. Wenye maduka walinung'unika, lakini wateja waliyakimbilia makopo hayo, basi wakanyamaza wakanunua.

Bwana Firmin, Mbelgiji aliyefundisha ufundi wa magari, alisikia sifa za mikono yake, si habari za fungu la Mungu. Alikuwa akijijengea ndege ya viti viwili katika banda huko Kinyinya, pembeni mwa mji, ndege ya mbao na kitambaa yenye injini ya gari dogo. Watu walimcheka mpaka siku iliporuka. Mwezi wa saba mwaka 1990, tangi la kwanza lilipoanza kuvuja, alimwita Hamisi amtengenezee jingine na kufunga mrija wa kuonea mafuta. Ulikuwa mrija mwangavu uliosimama kando ya kiti cha rubani, umeunganishwa na tangi juu na chini, ili mafuta yasimame ndani yake kama yalivyosimama tangini.

Kuufunga kulichukua asubuhi moja. Kazi ilikuwa kuuwekea alama. Ndege ile ilikaa mkia chini kama kuku anayeatamia, mafuta yakaegemea nyuma na mrija ukasema uongo. Ilibidi mkia uinuliwe juu ya kreti za bia mpaka ndege ilale kama inavyolala hewani.

"Astaghfirullah," Hamisi alisema, "uzee huu wote nije kubeba kreti za pombe?"

"Iko tupu, fundi," Firmin alimjibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Mungu hapana hesabu chupa tupu."

Hamisi akamimina, kopo baada ya kopo, na kila kopo lilipokwisha Firmin alichora mstari mwekundu kando ya mrija: tano, kumi, kumi na tano. Kopo lilikuwa la Hamisi mwenyewe, lile lenye fungu la Mungu. Alilitoa kwenye mfuko wake kama alivyolitoa miaka thelathini, wala hakuna lililomjia akilini. Kopo la kumi na moja lilipomiminwa, tangi lilijaa hadi shingoni.

"Karatasi ya mchoro inasema sitini," Firmin alisema. "Wewe umenipa hamsini na tano."

Hamisi aliona aibu. Alidhani amekunja kingo ndani mno, tangi likawa dogo. Aliomba radhi, Firmin akacheka, yakaisha.

Mwezi wa kumi vita vikaanza kaskazini, na Kigali ikaanza kukamata watu. Hamisi na mwanawe wa pekee, Shema, walikuwa Watutsi kwenye vitambulisho, lakini mzee wa vibatari nani angemtaka? Waliotafutwa ni vijana waliosoma. Shema alikuwa karani, na mjomba wake aliishi Uganda, walikotokea waasi. Siku ya tatu ya msako rafiki mmoja ofisini alimnong'oneza kwamba jina lake limo kwenye orodha.

Hamisi na Shema walifika Kinyinya kwa miguu alfajiri, wakipita migombani. Firmin alikuwa anaondoka kwenda Bujumbura kabla askari hawajaja kuichukua ndege. Alimtazama Shema, akatazama kiti cha pili, wala hakungoja kuombwa.

"Watu wawili, lita thelathini," alisema. "Chini ya pale, tunaanguka msituni."

Wakainua mkia juu ya kreti zilezile. Mafuta yalisimama chini ya mstari wa thelathini, upungufu wa upana wa kidole. Lita mbili hivi. Vituo vya petroli vilikuwa vimefungwa, barabara zina vizuizi, na pikipiki ya Firmin ilikuwa imeshakamuliwa tone la mwisho. Firmin aligonga mrija kwa ukucha, akagonga tena.

"Fundi, nambie kweli. Mistari hii iko sawa?"

Hamisi alijinyoosha. Hata asubuhi ile, roho ikiwa mkononi, fahari haikumwacha.

"Patron, kipimo changu hakijapata kumpunja mtu."

Firmin akainamisha kichwa. Alimshika Shema bega, akamwomba msamaha, akapanda peke yake.

Shema alikamatwa kesho yake. Aliwekwa kwenye uwanja wa mpira pamoja na maelfu ya wengine, kisha gerezani, na mwezi wa kwanza akafa kwa kuhara damu. Mama yake, Mukasine, aliletewa shati tu.

Barua ya Firmin ilifika mwezi wa pili. Ilikuwa ya Kifaransa, na Hamisi akaipeleka kwa Illuminée, karani wa shule ya Firmin, amsomee. Firmin aliandika kwamba amelipima tangi upya kwa kipimo cha kiwanja cha ndege. Kwenye mstari wa tano amekuta lita tano na nusu, kwenye wa kumi kumi na moja, na mistari yote inazidi hivyohivyo. Tangi halikuwa dogo, lilikuwa sitini kamili. Asubuhi ile mrija ulipoonyesha ishirini na nane, ndani mlikuwa na karibu thelathini na moja. "Ulitumia kopo gani, fundi?" Illuminée alisoma, kisha akaanza kuikunja barua.

"Soma, binti yangu."

"Anasema, 'Tungeweza kwenda naye. Mungu anisamehe. Nisalimie Shema.'"

Hamisi alirudi nyumbani akaketi mbele ya kopo lake. Alilia kwa sauti, na Mukasine akaja akamshika, akidhani analia kama anavyolia yeye. Hakumwambia habari ya kopo.

Wiki ile alikata bati upya. Tangu hapo makopo yake yalibeba lita tano, bila tone la ziada. Wateja waligundua upesi, kwa maana mkono wa maskini haudanganyiki kwa uzito wa chupa. Wakasema msiba umemharibu mzee, amekuwa bahili. Mukasine aliposikia maneno hayo sokoni alimtetea mumewe kwa hasira, akarudi akamsihi: "Baba Shema, warudishie watu nusu yao. Itakuwa sadaka ya mtoto."

Hamisi akaendelea kugonga bati.