Laser kwangu, sindano ya povu kwa dada: nani aliumia zaidi, na nani alipona kwanza

Wakuu, wanaostahili shikamoo naitoa, wengine mambo vipi.

Haya yamenikuta mwenyewe, mguu wangu mwenyewe. Chumvi sitii.

Mimi ni mama wa Tunduma, nauza vitenge. Miaka nenda rudi nasimama dukani kutwa. Miguu ikajaa varicose veins, mishipa imevimba na kujisokota, jioni inawaka moto.

Dada yangu wa Itumba naye anayo. Mama alituachia wote wawili, asante mama!

Kilichonitoa uvivu ni harusi ya binti yangu. Si mnajua, mama wa bibi harusi anaingia ukumbini akicheza na macho yote kwake. Nikasema kuingia nachechemea, hapana. Tukafunga safari na dada mpaka hospitali moja Dar.

Baada ya ultrasound, daktari akaona mimi nifanyiwe laser, yaani mshipa uchomwe kwa mwanga kutokea ndani, dada achomwe sindano ya dawa ya povu ya kuuziba. Hakuna kupasuliwa, hakuna kulazwa.

Sasa maumivu.

Laser yenyewe sikuisikia. Ila zile sindano za ganzi kando ya paja, jamani, nilimwita Yesu kwa Kindali. Dada kachomwa, akauliza, "Tayari?" Alinicheka hadi tunalala.

Siku zilizofuata paja langu likawa linavuta, na michubuko juu. Yeye akatokwa na vinundu vigumu na madoa ya kahawia. Hapo nikacheka mimi.

Masharti yalikuwa sawa: soksi za kubana, kutembea kila siku, msikande kwa maji ya moto.

Dada akarudi Itumba, hakumwambia mtu, akapanda vilima vyake kama kawaida.

Mimi sasa! Tunduma nzima ilishajua. Wakaja kunipa pole, huyu na kuku, huyu na unga. Utampokeaje mtu na kuku wake huku unatembea uani? Nikisikia hodi tu, mbio kitandani, naanza kuugulia. Nilikuwa mgonjwa hodari!

Nikalala hivyo wee, mguu ukakakamaa, paja likazidi kuuma. Harusi inakaribia na mimi choo tu nafika kwa kushika ukuta. Nililia, wakuu.

Dada akapiga simu. Nikamweleza.

"Mdogo wangu, umelala kwa ajili ya kuku?"

Nikampigia daktari. Akaniuliza maswali, akasema mguu hauna tatizo, tatizo ni kitanda. Amka utembee.

Kesho yake mashoga walipobisha hodi walinikuta mlangoni na raba mguuni. Nikawaambia, "Pole zenu nazipokea, ila tunazipokelea barabarani." Wakacheka, wakajifunga vitenge, tukaenda hadi karibu na mpaka na kurudi. Ikawa desturi yetu ya kila jioni, umbea wote unaishia njiani, na paja likaachia taratibu.

Kwa hiyo siku ya tiba niliumia mimi zaidi. Dada alipona kwanza, lakini siwezi kusema ni povu lililoshinda laser, maana yeye alitembea na mimi nililala. Yupi afanyiwe nini, daktari ndiye ataamua. Mkishafanyiwa, tembeeni! Na mguu ukivimba ghafla au pumzi ikibana, msisubiri, wahini hospitali.

Waliopitia haya njooni mseme yenu, hata kama mliumia kuliko mimi.

Na harusi? Nilicheza mlangoni mpaka MC akashika kipaza sauti: "Mama, tunakuomba, bibi harusi naye anataka kupita!"