Waliokwisha Kuzaa

Siku yangu ya kwanza kazini katika hospitali ya Arua, Uganda, mwaka 1973, nilibishana na Mganga Mkuu kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikiamini kwamba kila utaratibu ulianzishwa na mtu ambaye hakufikiri. Niliuliza kwa nini hatuna siku ya kuwapima wanawake wasioumwa, kutazama shingo ya kizazi, ule mwisho wa chini wa mfuko wa uzazi, ambako saratani hukaa miaka bila kuuma. Hakuinua macho kwenye faili lake.

"Mwenye afya anatafuta nini hapa? Akiumwa atakuja."

Alipochoka na maswali yangu alinihamishia Koboko, nikajaribu huko. Nilipewa chumba, kitanda na spekulamu mbili, vyuma vya midomo miwili vya kufungulia njia ili uone ndani. Glavu tulizichemsha, tukazianika, tukazipaka poda, tukazivaa tena.

Hakuna aliyekuja. Mlango wetu ulijulikana kuwa wa magonjwa ya zinaa, na hakuna mke wa mtu aliyetaka kuonekana hapo. Ndipo nikafikiria arobaini. Wanubi, Waislamu wa Koboko, humweka mzazi ndani siku arobaini, kisha anaoga, anavaa nguo mpya, anatoka. Niliomba atoke kuja kwetu, mtoto apimwe uzito na mama apimwe pia. Kadi ilikuwa na jina la mtoto juu, la mama chini. Walikuja wengi, wakinukia udi, nikajiona nimeshinda.

Sista Mkuu, mkunga aliyenizidi miaka ishirini, ndiye pekee aliyehoji. "Dokta, na sisi tuliokwisha kuzaa, kadi yetu ni ipi?"

Nilimjibu kwamba wakiumwa watakuja.

Haboba Zamzamu, bibi aliyejulikana mtaa mzima, aliwaleta binti zake watatu, kila mmoja kwa arobaini yake, ndani ya miaka miwili. Kila mara alibaki nje akimbembeleza mjukuu na kuwatania wauguzi kwamba wamevaa viatu vya waume zao. Mara ya tatu alimwambia Sista, akicheka, kwamba ujana umemrudia: anaona damu tena baada ya miaka mingi. Sista hakucheka. Alimshika mkono akamwingiza ndani.

"Mimi ilisha maliza kuzaa," Haboba aliniambia. "Wewe nataka ona nini, binti?"

Nilipoigusa shingo ya kizazi kwa pamba, damu ilitoka. Uvimbe ulikuwa mgumu na umeenea. Kampala, tulikompeleka, walisema kilichobaki ni dawa ya maumivu.

Nilikwenda nyumbani kwake nikamweleza kwamba kadi ile niliipanga mimi, na kwamba angepimwa alipokuja mara ya kwanza huenda tungewahi. Aliuliza kama mdogo wake, ambaye naye hazai tena, anaweza kupimwa bila mtoto. Nikasema anaweza.

"Basi andika yeye. Kesho iko nakuja."

Mdogo wake alikuja. Siku ya pili walikuja wawili, na baada ya wiki nilikuwa napima wanawake wa makamo asubuhi nzima, kila mmoja akisema ametumwa na Haboba. Wawili kati yao tuliwakuta na saratani iliyokuwa bado changa, wakapelekwa kufanyiwa upasuaji, wakapona. Haboba alifariki kabla ya msimu wa mvua.

Sasa nimestaafu. Madaktari vijana huniuliza tuliwashawishije wanawake wa wakati ule. Nawajibu kwamba sikumshawishi yeyote. Waliletwa na mgonjwa ambaye mimi nilimwacha nje.