Amri ya Kadhi na Nyumba ya Majengo

Mwaka wa 1955, nikiwa na miaka kumi na tisa, baba alikufa, na shida zangu zikaanza hapo. Kabla ya hapo shida nilizisikia kwa wengine. Kazi yangu ilikuwa kubeba nyama kutoka kwenye lori mpaka mabuchani. Nikirudi jioni nanuka damu, baba hunitania, "Nawa kwanza, paka wa mtaa wasikufuate mpaka ndani."

Nyumba yetu ilikuwa Majengo, ya fito na udongo, paa la madebe yaliyofunuliwa, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Baba aliijenga kwa mshahara wa upishi. Lakini ardhi ilikuwa ya mji. Mwenye nyumba alipewa kibali cha kiwanja, na aliyeandikwa kwenye kibali ndiye mwenye nyumba. Asiyeandikwa ni mpangaji tu, hata kama kitovu chake kimezikwa humo uani.

Arobaini ya baba ilikuwa haijapoa, ami yangu, mdogo wake baba, akaja akasema nyumba ile waliijenga wawili. Akanishtaki kwa kadhi. Na mke wa baba, mama yangu wa kambo, alikuwa ameshaondoka, amerudi kwao pwani kabla eda yake haijaisha. Mtaa ukauliza, mjane gani anaacha eda katikati? Kafukuzwa. Na nani wa kumfukuza isipokuwa huyu mbeba nyama anayetaka nyumba?

Kadhi akamwita yule mama aje aeleze. Alikuja kwa gari la moshi, kajifunika buibui, akatoa karatasi ya hospitali iliyosema kwa nini aliondoka. Mambo ya mwili wake. Mimi na ami tuliyasikia, na kadhi na karani wake. Siku hiyohiyo nami nikatoa yangu. Baba alipokuwa mgonjwa alimwandikisha mwalimu wa chuo cha Kurani kwamba nyumba kaijenga peke yake, hana mshirika, na karatasi akanikabidhi mkononi. Chini yake kulikuwa na dole gumba la ami, yeye ndiye alikuwa shahidi.

Kadhi akamuuliza, "Hili si dole lako?"

"Langu, shekhe. Lakini sikusomewa."

Basi shauri likaahirishwa mpaka yule mwalimu, aliyekuwa amehamia Lamu, aje athibitishe alichoandika. Nakala ya karatasi yangu ikabaki pale, yenyewe nikarudi nayo. Kabla hatujainuka, kadhi akatoa amri: kilichofunuliwa mbele yake kwa ajili ya shauri lile kibaki mle. Kisionyeshwe, kisisimuliwe.

Ingetosha. Lakini sisi watu wa Majengo wakati ule, jambo likiwa zito, neno la mdomo halitushibishi mpaka tushike msahafu. Ami ndiye aliyetaka, nami sikutaka kuonekana naogopa. Tulipotoka nje tukaingia msikitini, mbele ya wazee, kila mmoja akaapa kwamba hatatoa karatasi yoyote ya shauri lile nje. Kadhi alisema lake, sisi tukaapa zaidi ya alilosema. Mimi sikuona tofauti. Nilisoma mpaka darasa la pili tu. Nilifika nyumbani nikaiweka karatasi ya baba sandukuni, nikafunga kwa kufuli, nikajiona mtu wa dini.

Ami hakungoja mwalimu wa Lamu. Alikwenda ofisi ya viwanja akaomba kibali kiandikwe jina lake. Ofisa akaniita.

"Ami yako anasema nyumba ni yake. Wewe una nini?"

"Nina karatasi, bwana."

"Ilete."

"Siwezi."

"Imepotea?"

"Haikupotea. Siwezi kuitoa."

Alinitazama kama anayetazama mzigo uliosahaulika stesheni. "Kijana, mwezi ukiisha naandika jina moja. Ukiwa na kitu, nione kabla. Kama huna, usinipotezee wakati."

Habari ilifika Majengo kabla yangu. Nilikuta watu wamekaa barazani kwa jirani, nikawasalimu. Mmoja akajibu, "Marahaba, mwenye nyumba," wakacheka.

"Karatasi anayo, bwana," akasema mwingine. "Lakini ina haya, haitoki nje bila buibui."

"Na mama yake wa kambo je? Naye yuko sandukuni?"

Ami alikuwa hapohapo anakunywa kahawa. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kutengeneza. "Mimi msiniulize, nimeapa. Muulizeni yeye." Hivyo tu. Hakuvunja amri. Aliikalia kama kiti.

Ramadhani ikaingia. Majengo sahani za futari zilikuwa zinavuka njia kila magharibi, mbaazi zinakwenda huku, viazi vitamu vinakuja kule, na sahani hairudi tupu. Kwangu hazikuvuka. Jirani mmoja, mama aliyenilisha mbaazi tangu sijui kutembea, alipita mlangoni kwangu na sahani yake imefunikwa kawa, akaingia nyumba ya pili. Nilifuturu tende na maji, nimekaa juu ya gunia ukumbini, nasikiliza vijiko vya watu. Msikitini safu ilijaa, lakini nikitoa salamu kulia na kushoto, aliye kando yangu alikuwa ameshainuka. Kazini nabeba nyama sisemi. Ikafika mahali nasikia sauti yangu mwenyewe kwenye sala tu.

Mwezi alionipa ofisa ulipokaribia kwisha niliamua nimwombe kadhi anifungue kiapo, hata kama ni kwa kafara. Nilimkuta peke yake na karani.

"Shekhe, nyumba inakwenda. Nami mdomo umefungwa."

"Nani kaufunga?"

"Wewe."

Akacheka. Akanyoosha mkono nimpe karatasi. "Hii uliipata wapi?"

"Kwa baba."

"Uliipata kwa sababu ya shauri langu? Uliionea hapa?"

"La. Alinipa kabla."

"Basi mwanangu, mimi nilifunga yaliyofunuliwa humu. Chako ulichoingia nacho mlangoni, watoka nacho. Ingekuwa kila kitu kikigusa meza yangu kinafungwa, mtu mwovu angekuja kutupa hapa kila ushahidi wa mwenzake ili usionekane tena. Mpelekee ofisa."

"Na kiapo?"

"Kiapo mlikipanua wenyewe. Toa kafara yake, umalize."

Nilitaka kuinuka, nikakumbuka watu wa barazani. "Na karatasi ya mama? Siombi kuionyesha. Nimweleze jirani mmoja tu, ajue kwamba sikumfukuza."

Hapo hakucheka. "Ile uliijua humu. Itabaki humu, hata shauri likiisha. Ofisa akiihitaji, aniandikie mimi, nitaangalia kama inamhusu. Jirani haimhusu."

"Nachafuka, shekhe."

"Utachafuka na utaishi. Yeye mwili wake ukitangazwa Majengo, utafika pwani kabla ya gari la moshi. Ataishi wapi?"

Jioni ile nilitoa kafara ya kiapo. Kesho yake nilikwenda ofisi ya viwanja. Ofisa akasoma, akaliangalia dole la ami, akafuta alichokuwa ameanza kuandika, akaandika jina langu. Mwalimu wa Lamu alipofika alithibitisha, na kadhi akahukumu vilevile. Mama wa kambo nilimpelekea fungu lake la urithi kama sheria inavyosema. Ami alihamia Nakuru.

Nilidhani sahani zitarudi. Siku ya Idi nilifagia baraza, nikatandika mkeka, nikapika pilau yangu mwenyewe, ikaungua kidogo. Yule mama wa mbaazi alisimama njiani, hakupanda.

"Nyumba umepata," akasema.

"Nimepata, mama."

"Na mjane wa baba yako?"

Sentensi moja ingemleta mkekani. Ilikuwa tayari kinywani.

"Yuko kwao," nikasema.

Akaenda zake. Alikufa akiamini nilimfukuza, na wengi wa rika lake. Mke wangu ameniuliza, watoto wameniuliza, wakisema wote waliohusika wamekwisha kufa. Nimewajibu kwamba kadhi hakusema mpaka wafe. Hapa pia siandiki.

Leo nina nyumba ile ya Majengo, sasa ya mawe, vyumba vya kupangisha na kimoja changu. Nina bucha soko la Burma, friji na mashine ya kusaga mifupa. Nina kiwanja Njiru chenye ukuta na kisima. Nina pikapu moja kuukuu. Nina hati za vyote hivyo, na zote zina jina langu.