Alama Moja ya "Sijui"

Mtihani wa kwanza wa Profesa ulikuwa na maswali kumi, na chini ya karatasi aliandika kwa mkono: ukijibu "sijui" utapata alama moja, mradi ueleze ni nini hasa usichokijua. Mwenzetu mmoja akaandika "sijui" mara kumi, akatoka kwenda kunywa chai. Alipata sifuri. Alipokwenda kulalamika, Profesa alimuuliza, "Hujui nini?"

"Vyote."

"Basi hata hilo hulijui."

Darasa zima likacheka, na darasa zima maana yake ni watu saba. Miaka ile ya soko huria kila kijana aliyefika chuoni kwetu Dodoma alitaka biashara au uhasibu. Fizikia ilibaki na sisi wachache, katika chumba ambacho nusu ya madirisha hayakuwa na vioo, na vumbi lilifuta ubao kabla ya mwalimu.

Profesa alikuwa mwanamke wa miaka karibu sitini, mfupi, miwani yake ameifunga uzi nyuma ya kichwa. Alipokuwa kijana, ughaibuni, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuzichunguza nyota kwa eksirei zinazotoka kwenye nyota zenyewe. Habari hiyo ilifika mjini ikiwa imepinda. Mchunguza nyota ni mnajimu, na mnajimu kwa watu wengi ni yule anayekutazamia bahati yako. Muuza mtama mmoja pale soko la Majengo hakumwacha apite hivihivi.

"Mama mnajimu! Nyota yangu leo inasemaje?"

"Nyota yako ni jua, na linakuunguza. Tafuta turubai."

Mimi sikumwamini. Nilikuwa nimeshaacha kuamini kanisa, chama na magazeti, kwa mpangilio huo, na sikuona kwa nini nimwamini yeye. Wiki ya tatu nikasimama darasani.

"Profesa, umesema miale hiyo ya nyota inazuiwa na hewa, haifiki ardhini. Sasa wewe uliyekuwa ardhini ulijuaje kama ipo?"

Akaweka chaki chini. "Hilo ndilo swali lililotunyima raha," akasema. Akatueleza jinsi walivyofunga kipimo kwenye roketi, ikapanda hadi juu ya hewa, ikakaa huko dakika chache tu, ikaanguka. Dakika hizo walizisoma kwa miezi, wakigombana kama wameona nyota au hitilafu ya kifaa.

"Mimi nilikuwa upande wa hitilafu," akasema. "Nilikosea. Ila ubishi wangu uliwafanya wapime tena."

Tangu siku hiyo nikawa namfuata hadi ofisini. Niliwahi kumuuliza kwa nini alirudi mahali pasipo na kipimo hata kimoja. Akanijibu kwamba mama yake alikuwa amezeeka. Nikasubiri sababu nyingine. Hakuwa nayo.

Mwaka wangu wa pili baba alianza kukohoa. Kwetu ni upande wa Mvumi, nyumba ya wakulima wenye ng'ombe wachache. Hospitali ya misheni walimpiga picha ya kifua, wakamwambia ana kifua kikuu na atameza dawa kwa miezi mingi. Akakataa. Nilipofika nyumbani nilimkuta amekonda, shati linamning'inia, na bado anabishana.

"Wamenionyesha kivuli, wakasema ndio ugonjwa. Hata mti una kivuli, mbona hauumwi?"

Mama alikuwa amechoka kumbembeleza. Baba akanipa bahasha ya kaki yenye ile filamu. "Mpelekee huyo mwalimu wako wa eksirei. Akisema yeye, nitameza."

Nilimfikishia Profesa bahasha kabla hata ya kunawa uso. "Mwambie tu umeona kifua kikuu," nikamwomba. "Madaktari wameshasema. Si uongo."

Aliiinua filamu dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, akairudisha ndani ya bahasha.

"Mimi sijui kusoma kifua."

"Profesa, atakufa."

"Nimekusikia. Lakini leo nikisema nimeona, kesho jirani yake ataniletea picha ya mguu, na huko nako nitaona. Jumamosi kuna basi la kwenda kwenu?"

Siku tatu nilimchukia. Mtu aliyesema ameona vitu visivyoonekana angani alishindwa kusema neno moja la kumwokoa baba yangu.

Jumamosi mimi na Profesa tulimkuta baba uani, juu ya kigoda. Wakasita wawili hao, nani apokee shikamoo ya mwenzake, maana hakuna aliyetaka kuwa mkubwa. Mwishowe Profesa akatoa salamu ya Kigogo, "mbukwa", aliyojifunza sokoni, na baba akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile kilichukua muda kuisha. Tulikisikiliza wote.

"Haya, mama. Umeiona?"

"Nimeiona. Sijui kuisoma."

Baba akanigeukia. "Ndiye huyu?"

"Ninachojua ni jinsi picha inavyopatikana," Profesa akaendelea, akiinua filamu kuelekea mwangaza. "Miale inapita kwenye nyama, inazuiwa na mfupa. Peupe ndipo ilipozuiwa. Huu ubavu, huu ubavu mwingine. Hili wingu hapa juu, sijui ni nini. Sijui kama kila mtu analo au ni wewe tu. Anayejua ni daktari aliyeona vifua vingi."

"Na yeye anajuaje?"

Profesa alinitazama mimi, si baba. "Kumbe swali hili ni la ukoo!" Kisha akamrudia. "Nenda kamuulize hivyohivyo. Mwambie akuonyeshe kifua cha mtu asiyeumwa, uweke na chako kando. Usipoona tofauti, rudi nyumbani kwako."

Jumatatu baba alikwenda hospitali na bahasha yake. Mama, aliyemsindikiza, alinisimulia baadaye, kwa aibu, jinsi baba alivyomfanya daktari atoe picha tatu za watu wengine na kuzipanga dirishani. Alisimama mbele ya picha hizo hadi foleni ikaanza kunung'unika. Alipotoka alikuwa na vidonge mkononi, na njiani alisema neno moja tu: "Nimeona."

Alivimeza hadi mwisho, akivilalamikia kila asubuhi. Alipomaliza alipigwa picha nyingine, akanipa niipeleke chuoni.

Profesa alikuwa amebakiza muhula mmoja kustaafu, na vitabu vyake vilishaanza kuingia kwenye maboksi. Aliiinua filamu dirishani kama mara ya kwanza. Nikasimama nyuma ya bega lake, natafuta pale juu, karibu na ubavu wa pili.

"Sijui kusoma kifua," akasema.

"Najua, Profesa."

"Ila lile wingu silioni. Wewe unaliona?"